Mwaka Niliochora Mkono wa Mama

Nilipopigiwa simu kwamba Kondo amefariki, nilikuwa juu ya ngazi naandika jina la duka la dawa kwa rangi ya bluu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kumalizia herufi niliyokuwa nimeianza. Aliyepiga ni Bi Mwajuma, dada yake mkubwa. Sauti ilimkauka. "Skola," aliniambia, "mtani wako ametutoka alfajiri. Tunamzika leo baada ya alasiri, hapa nyumbani kwake Bigwa. Njoo umzike." Nikampa pole, nikamuuliza kama wamekwishapata turubai, nikamwambia nakuja. Kisha nilishuka, nikaosha brashi, nikakaa juu ya ndoo ya rangi nikacheka. Nilicheka kimyakimya kwa sababu mwenye duka alikuwa karibu na angenidhania mchawi. Nilikuwa nimeisubiri simu ile tangu nikiwa binti wa miaka kumi na tisa. Naandika hivi bila haya yoyote. Wapo wanaosubiri wajukuu, wapo wanaosubiri kiinua mgongo. Mimi nilisubiri maziko ya Kondo.

Kwa msomaji asiye wa huku kwetu inabidi nieleze jambo moja, maana bila hilo hataelewa kwa nini nilikaa kimya muda wote huo. Ukoo wangu na ukoo wa Kondo ni watani tangu enzi za mababu. Sisi Waluguru, mtani ni mtu aliyepewa ruhusa. Anaweza kukuita mlafi mbele ya wakwe zako, anaweza kumchukua kuku wako uani akamchinja, na kazi yako wewe ni kucheka. Kukasirika ni aibu, na aibu hiyo haikuangukii wewe peke yako, inauangukia ukoo mzima. Mtu akifa, mtani wake huja msibani akavaa nguo zake, akaigiza mwendo wake, akatangaza uchoyo wake na uoga wake, akauzuia mwili mlangoni usitoke mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka katikati ya machozi, na huko ndiko kufarijiwa kwenyewe. Mwaka huo ninaotaka kuusimulia ulianza kwa utani, ukaharibiwa kwa utani, na mimi nimeufunga kwa utani.

Karakana ya Kondo ya kuandika mabango ilikuwa Msamvu mjini, chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa ubao wa plaiwudi. Mbele walipokelewa wateja. Palikuwa na meza, viti viwili vya plastiki, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo Kondo hakukubali kuitoa kwa sababu ilificha ufa wa ukuta. Nyuma ya plaiwudi ndiko tulikofanya kazi. Kulinuka rangi ya mafuta, tapentaini na maharage. Stensili zetu tulizikata kwenye filamu kuukuu za eksirei zilizotupwa na hospitali, kwa sababu filamu hainyonyi rangi wala haipindi. Ukiinua stensili ya "USIKOJOE HAPA" ukaielekeza dirishani, uliziona mbavu za mtu usiyemjua. Mimi nilipenda sana kuziangalia. Nilikuwa nimetoka milimani na kipaji cha kuchora ambacho hakuna aliyejua kitanifikisha wapi, na Kondo ndiye aliyenifundisha kushika brashi bila kutetemeka, kuvuta mstari kwa pumzi moja, kuacha nafasi kati ya herufi na herufi. Alikuwa fundi mzuri wa herufi. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mwalimu wake wa kwanza, na ndiyo maana nilipokuja kumchukia nilimchukia vizuri.

Mchana Bi Mwajuma alituletea chakula kwenye hotpoti kutoka nyumba ya reli walikozaliwa, ambako baba yao alikuwa fundi wa injini na umeme haukukatika hata mtaa mzima wa jirani ukiwa gizani. Alikuwa mwanamke wa kujidai kidogo, kanga zake zimepigwa pasi mpaka pindo, na kila akifungua hotpoti alitukumbusha kwamba kwao chakula hakinuki moshi. Tulikula kwenye sahani moja. Kondo alichomoa kipande cha samaki upande wangu akasema, "Mtani, huyu samaki ananitazama mimi, si wewe," akakimeza. Jumatatu nilishuka na kikapu cha fyulisi alizonipa mama, na kabla sijakitua alikuwa amekwishakula tunda la tatu, juisi inamchuruzika kwenye kidevu. "Cha mtani hakidaiwi," alisema. Nami nilicheka, tena kwa moyo. Chakula kile kwenye sahani moja, na ule wizi wa samaki, vilinifanya nijione nina kwetu mjini.

Mwaka huo Bwana Nassoro, aliyekuwa akiuza taa za chemli, tambi na betri kwenye duka dogo karibu na soko, aliamua kuwa kampuni. Jina la kampuni yake silitaji. Nimelipaka kwenye kuta za watu miaka mingi, tangazo la bure sitoi tena. Alikuja karakana akiwa amevaa kanzu na koti, akakaa kwenye kiti cha plastiki kwa uangalifu, akamwambia Kondo anataka nembo. "Nataka kitu ambacho hata asiyejua kusoma akikiona anajua hapa pana taa," alisema. Kondo akamchorea balbu yenye miale. Akaikataa, kwamba balbu yenye miale wanayo wote. Akamchorea jua linachomoza nyuma ya mlima. "Jua?" Bwana Nassoro akasema. "Jua likiwepo mimi nitamuuzia nani taa?" Nyuma ya plaiwudi niliziba mdomo kwa kiganja. Alipoondoka, Kondo alirusha penseli chini akaniambia, "Na wewe mtani jaribu, usikae unakula bure."

Nilijaribu wiki nzima nikatoa takataka. Jumamosi nikapanda nyumbani, na jambo lenyewe lilitokea jioni hiyo wakati sikuwa nalitafuta. Jiko letu lilikuwa nje, kibanda cha miti na udongo, na kati yake na nyumba kulikuwa na ua ambao upepo wa mlimani ulikuwa ukiupita kila magharibi. Mama alitoka jikoni na kibatari mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameukunja mbele ya moto kuukinga. Nilikuwa nimekaa kizingitini. Chini kule mji mzima ulikuwa umeanza kuwaka taa za umeme, na huku juu mama yangu anavuka ua na mwanga wa kutosha kiganja. Nikaona kwamba moto wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni mkono: kingo za vidole zimekuwa nyekundu, kiganja kinang'aa, na nyuma yake kote giza. "Mama, hebu rudi," nikamwambia. "Nirudi wapi?" "Rudi jikoni, uje tena." Alirudi, akaja tena. Nikamwomba arudi mara nyingine. "Huko mjini ndiko mnakofundishwa kuwachezesha wazazi gwaride?" aliuliza, lakini alirudi, anacheka, ugali unapoa. Nilichora nyuma ya karatasi ya sukari kwa kijiti cha mkaa. Sikuchora moto. Nilichora mkono wa kushoto uliokunjwa, na palipo na moto nikaacha patupu, na hapo patupu ndipo macho yalipokwenda. Hata sasa, baada ya kazi zote nilizofanya, sijawahi kuchora kitu cha kuufikia mkono ule.

Jumatatu nikampa Kondo karatasi. Aliitazama muda mrefu na hakutania. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, lakini nilikuwa mdogo na nilidhani kimya cha mwalimu ni sifa. Tulipokuwa tunakula aliniuliza mbona mkono wa kushoto, nikamwambia wa kulia umeshika kibatari. Akauliza nimeupata wapi, nikamsimulia yote: jiko la nje, upepo, mama anavuka ua, mama anacheka. Nilisimulia kwa raha, mdomo umejaa wali. Siku hiyo hakuniibia hata kipande kimoja cha samaki. Akaniambia niende nyuma nikaanze kukata stensili, na mchana huohuo Bwana Nassoro akaingia.

Plaiwudi haizuii maneno. Nilikuwa nimeinama na wembe kwenye filamu, nazungusha kidole gumba cha mama, nikamsikia Bwana Nassoro anavuta pumzi. "Hapo sasa umefanya kitu, Kondo," alisema. "Lakini mbona wa kushoto? Mtu hampi mwenzie kitu kwa mkono wa kushoto." Kisha nikasikia sauti ya Kondo, imeshuka, imelainika, sauti ambayo sikuwahi kuisikia humo ndani. "Wa kulia umeshika kibatari, Bwana Nassoro. Marehemu mama yangu. Jiko letu lilikuwa nje, kuna upepo kule, basi kila jioni anavuka ua na kibatari, mkono ameukinga hivi. Mimi mtoto nimekaa kizingitini namtazama." Akanyamaza kama aliyezidiwa. Bwana Nassoro akasema, "Mungu amrehemu mama yako." "Amin," Kondo akajibu. Alimchukua mama yangu akiwa mzima, yuko mlimani anapalilia njegere, akamfanya marehemu wake.

Nilitoka nyuma ya plaiwudi na wembe mkononi. Sijui nilitaka kufanya nini. Kondo akanikonyeza. "Huyu ni mtani wangu, ananisaidia kukata stensili," akamwambia mgeni. Bwana Nassoro akanitazama kwa upole, akasema, "Kaza buti binti, umepata mwalimu." Nikasema, "Shikamoo." Katika maneno yote yaliyokuwa yamenijaa kooni hilo ndilo pekee lililotoka, na mzee wa watu akaitikia marahaba, akaenda zake.

"Kaka Kondo," nilisema mlango ulipofungwa, "ule mkono ni wa mama yangu."

"Najua."

"Mbona umesema ni wa mama yako?"

Alinyanyua mikono juu kama mtu aliyefumaniwa, anacheka. "Nimekuibia, mtani! Si umezoea? Juzi nimekula fyulisi, leo nimekula mkono. Utani tu. Au umekasirika?"

Nikasema sijakasirika. Nilikuwa nakaa kwa mama mkubwa, dada wa mama, huko Bigwa, na jioni hiyo nilimkuta anachagua mchele nikamwaga yote. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole havijasimama. "Amesema amechukua kwa utani?" aliuliza. Nikamwambia ndivyo alivyosema. "Kwa mdomo wake?" Kwa mdomo wake. Akatupa kijiwe uani. "Basi mwanangu hapo amekufunga. Ukienda kudai watasema ukoo wetu una hasira. Hata ukienda kwa huyo Bwana Nassoro, utakuwa mtoto wa kike anayemsengenya mwalimu wake." Nikamuuliza kwa hiyo yameisha. Mama mkubwa akapepeta mchele, pumba zikaruka. "Watani wanazikana," alisema. "Omba uzima."

Nikaomba uzima. Kampuni ilimchukua Kondo kuwa mkuu wa matangazo, karakana ikafungwa, mimi nikatoka na brashi zangu nikawa naandika mabango ya watu kwa mkataba wa mdomo. Mkono wa mama ukapanda kila mahali. Niliuona kwenye maduka ya Msamvu, kwenye kuta za barabara ya kwenda Kingolwira, baadaye kwenye maboksi ya taa za sola yakipanda mlimani juu ya vichwa vya wanawake waliofanana na mama. Mara nyingine wenye maduka waliniita mimi niupake, wakanipa stensili ya kampuni, na nikaupaka, maana nilihitaji kula. Na Kondo akaipenda hadithi yake. Aliisimulia redioni, aliisimulia kwa watoto wa shule waliopelekwa kutembelea kampuni, na kila mwaka aliongeza kitu: mama yake akaanza kukohoa, kibanda kikaanza kuvuja, kandambili zikakatika. Dada yake aliyahesabu kuwa maneno ya kuuzia taa tu, akamwachia. Siku moja mama yangu alishuka mjini kununua chumvi na sabuni, tukawa tumesimama dukani, redio ikawa inamhoji Kondo. Mama alisikiliza hadithi nzima, kichwa ameinamisha. "Masikini," alisema, "kumbe na wenzetu wa mjini walipata tabu." Nilitoka nje nikasimama juani. Sikumwambia siku ile wala siku nyingine yoyote. Mama yangu alikuwa mtu wa kumwonea huruma hata mwizi wake. Angekwenda kwa Kondo na kikapu cha fyulisi kumpa pole. Amekufa anaamini mkono ule ni wa mwanamke mwingine aliyepata tabu kama yake, na hilo ndilo ambalo sikumsamehe Kondo wala simsamehi leo. Nembo ningemwachia. Mama hapana.

Kwa hiyo siku ya simu nilikwenda nyumbani kwangu, nikaoga, nikavaa gauni langu jeusi, nikapanda pikipiki mpaka Bigwa. Nyumba ya Kondo ni ya ghorofa, ina geti la chuma na mkono wa mama umechomelewa katikati ya geti, ukilifungua mkono unapasuka mara mbili. Uani turubai lilikuwa limefungwa, na vijana wa kampuni walikuwa wamevaa fulana nyeupe zenye ule mkono kifuani, chini yake maneno "Baba wa Nembo Yetu." Bwana Nassoro, mzee sana sasa, alikuwa amekalishwa mbele kwenye kiti chenye mto. Rehema, binti wa Kondo, ambaye ndiye anayeendesha ofisi za kampuni siku hizi, alisimama kusoma wasifu wa marehemu, na nilipoingia ndipo alipofikia hadithi yenyewe: jiko la nje, upepo, bibi yake anavuka ua. Watu walifuta macho. Nikapita katikati yao moja kwa moja mpaka jikoni, nikachukua masizi ya sufuria nikajipaka usoni, na wanawake waliponiona wakapiga kigelegele. "Mtani amekuja!" wakasema. Nikamwomba Bi Mwajuma koti la marehemu, lile la kaki lenye nembo mfukoni alilolivaa kazini. Akanipa mwenyewe, machozi yanamtoka, na akanifunga vifungo.

Jeneza lilipoinuliwa nilikuwa nimekwishakaa kwenye kizingiti, miguu nimeinyoosha. "Mnanipeleka wapi na sijala?" nikauliza kwa sauti ya Kondo, na ua mzima ukaangua kicheko. Nikasimama nikatembea kwa mwendo wake, tumbo mbele, mkono mmoja mgongoni. "Nani amepika? Huyo samaki ananitazama mimi!" Bi Mwajuma alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimwonea huruma kwa dakika moja, nikaendelea. Nilijua pa kumchokoza.

"Mimi Kondo," nikasema, "msinione na ghorofa. Mama yangu alikuwa fukara! Jiko lake kibanda cha nyasi, mvua inamnyeshea, moshi umempofusha, anavuka ua pekupeku na kibatari!"

Watu walicheka. Bi Mwajuma alipunguza kicheko.

"Nguo moja! Anaifua usiku anaivaa asubuhi! Taa ya umeme mama yangu alikuwa haijui, akiiona anaikimbia!"

"Weee!" Bi Mwajuma alipaza sauti, kanga imemwanguka begani. "Mtani, hapo umepitiliza! Mama yetu? Sisi tumezaliwa nyumba ya reli, umeme tumeukuta ukutani! Alipikia jiko la umeme la sahani mbili, humo humo ndani, mtaa mzima wanakuja kupiga pasi kwake! Kibatari mama yetu angekishikia wapi?"

Ua wote ulicheka tena, kicheko kikubwa kuliko vyote, na mimi nilisimama nikakiacha kiende mpaka kikaanza kukatika chenyewe. Kilikatika mstari kwa mstari, kuanzia kwa vijana wa fulana. Nikamwona Rehema ameshika karatasi ya wasifu, hajui aipeleke wapi. Bi Mwajuma mwenyewe alikuwa bado anapanga kanga yake kwa hasira, hajajua alichosema.

"Kumbe," nikasema, na hapo nilisema kwa sauti yangu. "Kama si wa mama yako, Kondo, basi mkono huu ni wa mama wa nani?" Nikauinua mkono wangu wa kushoto, nikaukunja, nikauweka kando ya ule uliokuwa kwenye mfuko wa koti.

Mtu akaleta sahani yenye noti, kama ilivyo desturi, ili mtani aridhike apishe. Nikaisukuma kwa mguu. Nikarudi nikakaa kizingitini. Waliobeba jeneza walihamisha uzito bega hadi bega, na shehe akakohoa, akatazama saa, lakini aliniacha, maana naye ni mtu wa huku. Bwana Nassoro alikuwa amenyanyua uso. Hakuwa anacheka. Alinitazama masizi yangu, akanitazama mkono, na nilimwona anarudi nyuma kwa mawazo mpaka kwenye kile kiti cha plastiki cha karakana.

"Wewe," alisema polepole, "si yule binti wa stensili?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Mama yako aliitwa nani?"

"Paulina."

Mzee aliegemea mkongojo wake, akawageukia watu. "Semeni mkono wa Paulina," aliwaambia, "tukazike."

Wengine walidhani bado ni utani, wakasema wakicheka. Wengine walikuwa wamekwishaelewa, wakasema taratibu. Nikawaambia sijasikia. Wakarudia, wanaume na jeneza lao mabegani, wanawake jikoni, vijana wa kampuni na fulana zao: "Mkono wa Paulina!" Ndipo nikavuta miguu, Kondo akapita juu ya kichwa changu kwenda zake.

Wanaume walipokwenda makaburini sisi wanawake tulibaki tunaosha vyombo. Sikujisikia mtakatifu wala sikujisikia mnyonge. Nilijisikia kama mtu aliyevua kiatu kilichombana, na nilikula wali wa msiba sahani mbili. Rehema alinifuata kwenye bomba. Ni msichana mwenye adabu, hana kosa, alilishwa hadithi ile tangu ananyonya. Alisimama pembeni mpaka nilipomaliza kunawa.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba mwanangu. Pole sana na msiba."

"Nimeshapoa." Alishusha macho kwenye fulana yake. "Mama, yale uliyosema pale mlangoni… ulikuwa unatania?"

Maneno nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeyatunza tangu siku ya plaiwudi, na nikampa kama nilivyopewa, kwa tabasamu lilelile.

"Utani tu," nikamwambia. "Au umekasirika?"

Palikuwa na wanawake wa koo zote mbili wanatusikiliza, masufuria mikononi. "Hapana, mama," alisema, "sijakasirika," nami nilijua sawasawa namna neno hilo linavyopita kooni.

Niliondoka na koti la baba yake mwilini. Nililivaa njia nzima mpaka nyumbani, likinuka manukato yake, na asubuhi nikalipeleka kazini kwenye lile duka la dawa ambalo nilikuwa sijalimaliza. Ni kaki nzuri nzito, inanyonya rangi vizuri. Ule mkono mfukoni nimeukata na wembe, nimeutia kwenye fremu, uko ukutani kwangu. Koti lililobaki nalifutia brashi, na mpaka leo hakuna aliyekuja kulidai.